Mwanafunzi mwenye maumivu ya mishipa aaminiwe, na abaki darasani

Katika shule nyingi za bweni za ukanda huu, mwanafunzi anakubalika kuwa mgonjwa kwa dalili tatu: mwili kuchemka, kutapika au kutoka damu. Anayekwenda kwa matroni bila hata moja ya dalili hizo hupewa vidonge viwili vya parasetamoli na kuambiwa arudi darasani. Akija tena siku ya pili na ya tatu na malalamiko yaleyale, jina lake huanza kutajwa katika chumba cha walimu. Muhula unapofungwa, tayari ameshapewa sifa ambayo ni vigumu kuifuta: mvivu, mdekaji, mkwepa zamu.

Wako wanaokwepa zamu kweli. Lakini katika kundi hilohilo wamo vijana wenye maumivu sugu ya mishipa ya fahamu, na hao hawana homa, kidonda wala uvimbe. Wakipimwa joto, liko sawa. Wakipigwa eksirei, mifupa ni mizima. Kinachouma ni ile njia yenyewe inayopeleka taarifa ya maumivu kwenye ubongo, na njia hiyo haionekani kwa macho ya mwalimu wa zamu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shule haiwezi kulala kwenye kitanda cha mwanafunzi huyu. Inaweza, hata hivyo, kuacha kumtaka athibitishe kila asubuhi kwamba kunguni wapo, na ikaanza kumsaidia asome nao. Kwa sasa shule nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: humwadhibu au humrudisha nyumbani. Yote mawili ni makosa, na la pili, linaloonekana kuwa la huruma, huweza kumharibia maisha kuliko la kwanza.

Kengele isiyozimika

Watu wengi wakisikia neno mishipa hufikiria mishipa ya damu. Mishipa ya fahamu ni mingine. Hizo ni nyuzi zinazopeleka taarifa kati ya ubongo na kila sehemu ya mwili. Mtu akikanyaga mwiba, taarifa hupanda kutoka mguuni, ubongo ukaipokea, mguu ukanyanyuliwa. Maumivu ya namna hiyo yana faida, maana humlinda mtu na hatari.

Nyuzi hizo zenyewe zikijeruhiwa, mambo hubadilika. Huweza kutuma taarifa ya hatari mahali pasipo na hatari yoyote, kama kengele ya shule iliyoharibika swichi ikawa inalia usiku kucha na hakuna kipindi kinachoanza. Anayeisikia hawezi kuizima kwa kuambiwa kwamba hakuna jambo. Kelele ni ya kweli, ingawa sababu yake haipo pale inaposikika.

Wenye hali hii huieleza kwa maneno yanayofanana, wawe Bujumbura au Mbale. Husema nyayo zinawaka moto. Husema kuna kitu kama umeme unaopita mguuni, au sindano nyingi zinazochoma kwa pamoja. Wengine wana ganzi na maumivu mahali palepale, jambo linalomshangaza asiyelijua: vipi sehemu iliyokufa ganzi iume? Wapo ambao hata soksi ikigusa ngozi ni mateso, na usiku hutoa miguu nje ya shuka kwa sababu uzito wa kitambaa hawauwezi.

Maumivu haya mara nyingi huzidi usiku, wakati kelele za mchana zimetulia na akili haina pa kujishughulisha. Mwanafunzi hulala saa mbili au tatu, kisha kengele ya kuamka inalia alfajiri. Kipindi cha kwanza anasinzia. Mwalimu wa hisabati anamwona mtoto aliyelala darasani, na hana njia ya kujua kwamba usiku kucha alikuwa macho.

Kuna jambo jingine linalowaponza. Parasetamoli na ibuprofeni, dawa zinazopatikana katika kila chumba cha wagonjwa cha shule, kwa kawaida hazisaidii sana maumivu ya mishipa ya fahamu. Shuleni hilo huchukuliwa kuwa ushahidi wa uongo: amepewa dawa, wenzake wote hupona kwa dawa hiyo, yeye bado analia. Kwa daktari mwenye ujuzi, hilo ni mojawapo ya mambo yanayomwelekeza kwenye tatizo lenyewe.

Magonjwa yaliyo nyuma yake

Maumivu ya mishipa ya fahamu si ugonjwa wa nchi tajiri. Sababu zake nyingi ni magonjwa na ajali ambazo kila familia ya Afrika Mashariki inazijua kwa majina.

Iko siko seli, au selimundu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Uganda ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba watoto 13.3 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa wamebeba kinasaba chake. Watu wengi wanajua yale maumivu makali ya ghafla yanayompeleka mgonjwa hospitalini. Wachache wanajua kwamba miaka ikipita, baadhi ya wagonjwa, hasa kuanzia umri wa ujana, hupata pia maumivu ya kila siku yenye tabia ya mishipa ya fahamu, yasiyosubiri shambulio.

Iko saratani ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Ni saratani ya watoto inayotibika, na dawa ya vincristine ni nguzo mojawapo ya tiba yake. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini pia huweza kujeruhi mishipa ya fahamu ya miguu na mikono. Mtoto anarudi shuleni akiwa amepona, nywele zimeota, wote wanashangilia. Miezi inayofuata akisema nyayo zinachoma, watu humwambia ashukuru Mungu kwa kuwa hai.

Iko isoniazid, dawa ya kifua kikuu na ya kukinga kifua kikuu, ambayo hupunguza nguvu ya vitamini B6 mwilini na kuweza kuleta ganzi na maumivu ya miguu. Kinga yake ni kidonge cha vitamini hiyohiyo. Kipo pia kisukari cha utotoni, virusi vya Ukimwi vyenyewe, mkanda wa jeshi, na mifupa iliyovunjika katika ajali za bodaboda ambapo mshipa wa fahamu ulikatika au kubanwa. Orodha haiishii hapo, na wapo vijana ambao chanzo chao hakijajulikana hata baada ya vipimo vingi.

Kwa orodha kama hiyo, shule yenye wanafunzi 800 haina haki ya kudhani kwamba haina hata mmoja.

Adhabu na huruma

Kosa la kwanza ni adhabu. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001 na Uganda ikavipiga marufuku kwa sheria mwaka 2016. Tanzania bado inaviruhusu kwa masharti. Lakini adhabu si viboko tu. Kupigishwa magoti juani, kukimbizwa kuzunguka uwanja, kudeki bweni miguu mitupu kwenye sakafu baridi, kusimama mstarini saa nzima: kwa mwenzake hayo ni usumbufu wa asubuhi moja, kwake ni usiku mwingine bila usingizi. Na zaidi ya mwili, adhabu humfundisha kunyamaza. Kijana wa miaka 15 hataki kuwa tofauti na wenzake hata kwa jambo jema. Akiadhibiwa mara mbili kwa kusema anaumwa, mara ya tatu hatasema, hata siku ambayo mguu umepooza na anahitaji daktari haraka.

Kosa la pili ni kumrudisha nyumbani. Mkuu wa shule anaandika barua ya upole: mtoto apumzike hadi atakapopona. Mzazi anashukuru. Ila maumivu sugu, kwa maana ya kitabibu, ni yale yanayodumu au kurudi kwa zaidi ya miezi mitatu, na mengine hudumu miaka. Kumwambia mwanafunzi huyo arudi atakapopona ni kumfukuza kwa lugha laini.

Nyumbani hakuna kengele, hakuna mtihani, hakuna rafiki wa kumchekesha. Siku nzima inabaki kuwa ya maumivu. Misuli inalegea kwa kutotumika, na mwili uliolegea huuma zaidi unapoguswa na kazi ndogo. Masomo yanampita, akirudi baada ya wiki sita, wenzake wako mbele mada nne. Hofu ya aibu inaongezeka juu ya maumivu. Muhula unaofuata anakaririshwa darasa, na kama ni binti kutoka familia isiyo na fedha, kuna hatari kubwa kwamba hatarudi kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya watoto mwishoni mwa mwaka 2020. Hautegemei dawa peke yake. Unataka vitu vitatu viende kwa pamoja kulingana na mtoto mwenyewe: mazoezi na shughuli za mwili, msaada wa kisaikolojia, na dawa pale zinapofaa. Lengo ni mtoto aishi maisha yake, na maisha ya mtoto wa umri huo ni shule. Kwa hiyo darasa halimsubiri apone kwanza. Kuwa darasani, kwa kiasi anachokiweza, ni sehemu ya kujisaidia kwake.

Badilisha swali

Tatizo la shule limejificha katika swali inaloliuliza. Swali la sasa ni: je, anaumwa kweli? Hakuna mwalimu anayeweza kulijibu. Hata daktari bingwa hana kipimo cha damu wala mashine inayotoa namba ya maumivu. Anachofanya ni kumuuliza mgonjwa, kumsikiliza, kumgusa kwa pamba na kwa kitu chenye ncha ili ajue ngozi inahisi nini, kisha kulinganisha majibu yake na yale anayoyajua kuhusu mishipa.

Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maumivu ilifanya marekebisho ya tafsiri ya neno maumivu mwaka 2020, na katika maelezo yake ikaweka kanuni kwamba kauli ya mtu anayesema anahisi maumivu inapaswa kuheshimiwa. Kuheshimu si kuacha kuchunguza. Maana yake ni kwamba uchunguzi unaanza kwa kumwamini mtu, na kutoonekana kwa jeraha hakutoshi kumwita mwongo.

Ukanda huu una mfano wake wa jambo hilo. Mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na morfini ya kunywa, ya bei nafuu, ikaanza kuwafikia wagonjwa wa saratani majumbani mwao. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa vijijini. Morfini si dawa ya kwanza kwa maumivu ya mishipa ya kijana wa shule, na hakuna anayependekeza ipelekwe bwenini. Somo liko kwingine. Nchi moja ya Afrika Mashariki iliamua kwamba muuguzi wa wilayani anaweza kumuuliza mgonjwa anaumwa kiasi gani, akaamini jibu, na akachukua hatua kwa utaratibu ulioandikwa. Matroni wa shule haombwi hata nusu ya hayo.

Swali analopaswa kuuliza ni jepesi na lina jibu: leo unaweza kufanya nini? Unaweza kukaa vipindi vyote? Unaweza kuandika, au leo usikilize tu na rafiki akupe daftari jioni? Unaweza kuja mstarini ukiwa umeketi?

Karatasi moja inatosha

Kinachohitajika ni karatasi moja, iandikwe mwanzoni mwa muhula na mzazi, mwanafunzi na mtoa huduma wa afya anayemtibu, ikasainiwa na mkuu wa shule. Nakala moja ikae kwa matroni, nyingine kwa mwalimu wa darasa.

Kwanza, karatasi iseme kipi kinapunguza tatizo. Mengi hayagharimu chochote: viatu vya wazi au vilegevu badala ya vile vyeusi vya kubana, kiti cha pembeni ili anyooshe mguu, ruhusa ya kusimama na kutembea dakika tano katikati ya vipindi viwili vilivyofuatana, kuketi wakati wa mstari wa asubuhi.

Pili, ieleze zamu yake. Mwanafunzi huyu asisamehewe kazi, maana wenzake watamchukia na yeye atajiona mzigo. Abadilishiwe. Asiyeweza kubeba madumu ya maji anaweza kugawa madaftari, kuandika mahudhurio au kutunza maktaba.

Tatu, ieleze dawa. Moja ya dawa zinazotumika kwa maumivu haya ni amitriptyline, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Humezwa jioni, huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake yote, na huweza kumwacha mtu na usingizi na mdomo mkavu asubuhi. Mwalimu akilijua hilo, anajua kwa nini kijana ni mzito saa moja asubuhi na mchangamfu saa nne. Haifai kukatishwa ghafla bila ushauri wa daktari, na ikimezwa kwa wingi ni hatari kwa uhai. Kwa hiyo ni sahihi ikae kwa matroni na si kwenye sanduku bwenini. Kosa ni pale ukaguzi wa bweni unapoinyakua kama dawa ya kulevya na hakuna anayempa mtoto kidonge chake usiku ule.

Nne, itaje dalili za hatari ambazo karatasi haizimudu: mguu au mkono kupoteza nguvu ghafla, kushindwa kuzuia haja, homa kali, maumivu ya kifua kwa mwenye selimundu. Hapo hakuna cha kusubiri, ni hospitali.

Tano, na hili lina uzito wa pekee, karatasi haina haja ya kutaja jina la ugonjwa. Matroni anahitaji kujua la kufanya tu. Vijana wengi huficha maumivu kwa kuogopa jina: wataambiwa wana virusi, wamerogwa, wana majini, wataambukiza wenzao. Ni familia na daktari watakaoamua nani ajue nini. Viatu vilegevu na kidonge cha saa mbili usiku havihitaji kutangazwa sababu yake.

Mitihani ya taifa nayo isisahauliwe. Mabaraza ya mitihani ya nchi hizi yana utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye ulemavu au mahitaji maalumu, lakini maombi hupelekwa na shule mapema. Kijana ambaye mkono wake unawaka baada ya ukurasa wa pili hapaswi kugundua wiki ya mtihani kwamba hakuna aliyemwombea. Kenya, Uganda na Rwanda zimo katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2008, na Tanzania tangu 2009. Mkataba huo unataka mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayofaa ili asome. Hausemi ulemavu lazima uonekane.

Na wanaojifanya?

Walimu wana hoja yao, na ni ya haki. Darasa lina wanafunzi 60 au zaidi. Akiruhusiwa mmoja kuketi mstarini, kesho watakuwa kumi. Nidhamu ikilegea, wanaoumia ni wote.

Jibu lake limo katika karatasi yenyewe. Anayejifanya mgonjwa hutafuta kitu kimoja: kuondoka. Anataka kukosa jaribio, kwenda nyumbani, kulala bwenini wakati wengine wanasoma. Utaratibu huu haumpi hilo. Unamwacha darasani, unampa kazi nyingine badala ya ile aliyoikimbia, unamtaka mzazi na mtoa huduma wa afya watie saini, na unaangaliwa upya kila muhula. Kwa mkwepaji ni biashara isiyolipa. Kwa mgonjwa wa kweli ni kila kitu.

Na hata mmoja akipenya, hasara zipimwe kwa haki. Shule ikimwamini anayedanganya, imepoteza kiti kimoja mstarini. Ikimkana anayesema kweli, huenda imepoteza mwanafunzi.

Mzazi na kijana nao wana sehemu yao. Mzazi asiishie kwenye maombi au kwa mganga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mshipa uliobanwa au sukari isiyotibiwa haisubiri. Ampeleke mtoto hospitali, na aeleze kwa usahihi maumivu yalivyo: yanachoma, yanapiga kama umeme, yana ganzi, huzidi usiku. Maneno hayo humsaidia daktari zaidi ya kusema tu kwamba mtoto anaumwa miguu. Kijana naye amwambie mwalimu mapema badala ya kungoja azidiwe, ameze dawa kwa saa, atembee na kunyoosha viungo hata siku asiyotaka, na asiyageuze maumivu kuwa kinga ya somo asilolipenda. Akifanya hivyo mara moja, amewaharibia wenzake wote watakaokuja baada yake.

Karatasi isiyogota mpakani

Jambo hili lina sura ya kikanda kuliko linavyoonekana. Kila asubuhi watoto huvuka mpaka wa Goma na Rubavu kwenda shule. Mabweni ya Uganda na Kenya yana wanafunzi kutoka Sudan Kusini, Rwanda, Burundi na Kongo. Kambi za wakimbizi za Nakivale, Mahama na Nyarugusu zina vijana waliovuka mpaka bila faili la hospitali.

Kijana aliyetibiwa Bujumbura anafika shule ya Kampala na barua ya daktari kwa Kifaransa. Matroni haielewi, haamini, anaiweka kwenye droo. Aliyetibiwa Mbarara anahamia Kigoma na barua ya Kiingereza iliyojaa istilahi za kitabibu. Historia yote inaanza upya: vidonge viwili vya parasetamoli, minong'ono, jina la mkwepaji.

Kiswahili kina kazi hapa. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Baraza la mawaziri la Uganda likafuata mwaka 2022. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wenyewe unazitaka nchi wanachama zishirikiane katika elimu, ibara ya 102, na katika afya, ibara ya 118. Mara nyingi ushirikiano huo hujadiliwa katika ngazi ya vyuo vikuu na maabara kubwa. Fomu ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, inayotambuliwa na shule kutoka Mombasa hadi Kinshasa, ingegharimu kidogo mno na ingemfikia mtoto pale alipo. Wizara za elimu na za afya zinaweza kukubaliana kuhusu fomu hiyo katika kikao kimoja.

Wala mkuu wa shule hana haja ya kungoja kikao hicho. Siku ya kufungua shule, matroni husimama getini na orodha yake: shuka, ndoo, chandarua, sabuni, kadi ya bima. Mstari mmoja ukiongezwa kwenye orodha hiyo utamuuliza kila mzazi kama mtoto wake ana maumivu ya mara kwa mara, na ni nini humsaidia. Wengi watajibu hapana na kupita. Atakayejibu ndiyo apewe kiti, karatasi na kalamu, na kazi ianze palepale.